Chumba cha Rangi ya Uji

Kuna wateja wa aina mbili wanaonichosha roho. Wa kwanza ni yule anayeijua rangi anayoitaka kabla hajauona ukuta. Wa pili ni yule anayeutazama ukuta siku tatu na bado hajui anataka nini. Mama Thuranira wa Kiirua alikuwa wa aina ya pili, na mwanawe aliyenipigia simu kutoka Naivasha alikuwa wa aina ya kwanza. Kwa hiyo mimi Njue, mzaliwa wa Runyenjes, fundi wa rangi kwa miaka ishirini na miwili, niliianza kazi ile nikiwa nimeshakasirika.

Nakasirika upesi, sifichi. Mke wangu yuko Embu na watoto, mimi nimepanga chumba Majengo, mjini Meru, na anasema umbali huo ndio unaoifanya ndoa yetu idumu. Labda ni kweli. Labda pia ni upweke ndio hunifanya niwe mkali, maana mtu anayekula peke yake kila jioni huanza kugombana hata na sufuria.

Thuranira alinipigia simu siku ya Jumatatu, mwezi wa saba, wakati Kiirua huwa na ukungu mpaka saa tano za asubuhi.

"Fundi, nataka umpakie mathe rangi kwa chumba yake ya kulala. Weka kijivu, ile laiti, haijakolea. Iendane na kitanda nilimnunulia."

"Chumba chenyewe umekiona kina nini kingine?"

"Si unajua siwezi kukiona."

Nilijua. Kwetu Embu na kwao Meru, mvulana akishatahiriwa haingii tena chumba anacholala mamake. Hakuna anayemwandikia sheria hiyo mlangoni. Anapewa nyumba yake pembeni mwa boma, na tangu siku hiyo anajua mlango upi si wake. Siku hizi wapo wasiojali, hasa waliozaliwa mjini, lakini katika boma lile walijali. Thuranira ana miaka thelathini na sita. Chumba cha mamake alikiona mara ya mwisho akiwa darasa la nane, na ndicho alichokinunulia kitanda.

Sasa nikwambie habari za huyo mama. Jina lake ni Cicily Kananu, lakini sikumsikia mtu akimwita hivyo ila padri. Alizaliwa upande wa Nkubu kwenye migomba na kahawa, akaolewa Kiirua kwenye baridi na ngano, na anasema alilia mwaka mzima kwa sababu ya ile baridi. Mumewe, Mzee Mbaabu, alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba makubwa ya ngano. Yeye mwenyewe amelima viazi, waru tunavyoviita huku, na kabeji kwa miaka arobaini na kuziuza pale barabarani. Mtoto walimpata mmoja tu. Mzee alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo boma lina ng'ombe mmoja, kuku, na yeye.

Nilipofika siku ya Jumanne alinipokea akiwa amevaa koti la mwanamume lililomfika magotini. Ni mrefu, mwembamba, na huongea polepole kama mtu anayepima kila neno kwenye mizani. Akanikaribisha sebuleni. Kwenye kochi refu kulikuwa na blanketi limekunjwa vizuri, na mto juu yake.

"Una mgeni, mama?" niliuliza, nikitafuta pa kukaa.

"Mgeni ni mimi," alisema.

Nikadhani ni mzaha, nikacheka. Hakucheka. Akanimiminia chai, akaketi kwenye kiti cha mbao, akanieleza kila kitu kabla hata sijauliza. Nafikiri hakuwa amepata mtu wa kumweleza. Tangu mwezi wa tatu, kitanda kipya kilipoletwa, hajawahi kulala chumbani mwake hata siku moja. Analala hapo kwenye kochi. Amejaribu mara mbili kuingia na kuketi kwenye kitanda, na mara zote mbili ametoka.

"Nikiwa huko ndani najiona niko kwa hoteli," alisema. "Naona ni kama saa yoyote mwenye chumba ataingia aniulize natafuta nini."

"Na kitanda cha zamani?"

"Walikibeba. Hao walioleta hii walisema Thuranira amewaagiza waondoe ile. Majirani walikuwa wamejaa hapa nje wanaangalia lori, wanasema mtoto wangu ana moyo. Ningesema nini?"

Kisha akasema neno lililonifanya niiweke chini chai.

"Labda ni rangi, Njue. Hiyo vitu inapigana. Ukipata rangi ya kuipatanisha, nitarudi kulala kwangu. Kochi imenimaliza mgongo. Lakini usimwambie Thuranira. Alinunua hiyo kitanda kwa ajili ya huo mgongo."

Nikasema sawa. Moyoni niliona ni kisirani cha wazee tu. Waswahili wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi ninayelala vizuri popote penye godoro nilikuwa mwepesi wa kumhukumu.

Kisha akanifungulia chumba, na hapo nikaona kwamba kuhusu vitu kupigana hakusema uongo.

Kilikuwa chumba cha futi kumi kwa kumi, dirisha moja dogo. Upande mmoja kulikuwa na kabati la mbao ya muringa, refu hadi karibu na dari, limepakwa vanishi mpaka limekuwa jekundu la kuiva. Mzee alilitengenezesha Nkubu mwaka waliooana. Pazia lilikuwa la rangi ya kutu, na chini ya dirisha kulikuwa na sanduku la chuma la kahawia. Hayo yote ni rangi za moto. Katikati ya chumba, kikiwa kimekula nafasi yote, kulikuwa na kitanda cha futi sita kwa sita, kimevikwa kitambaa cha kijivu chenye ubluu ndani yake, na kichwa chake kimevimba vifundo kama godoro. Vijimeza viwili vya kijivu, kimoja kila upande. Godoro lilikuwa bado limefungwa kamba za dukani. Juu yake kulikuwa na shuka nene la bluu ya baridi, bado liko kwenye mfuko wake wenye zipu.

Ukuta wenyewe ulikuwa na chokaa ya zamani iliyogeuka njano kwa moshi na miaka.

Mtu asiyejua kazi hii anadhani rangi ni rangi. Rangi zina tabia. Ukiweka nyekundu ya mbao karibu na kijivu cha ubluu, mbao inakuwa nyekundu zaidi na kijivu kinakuwa baridi zaidi, kila mmoja anamchokoza mwenzake. Ukuta ndio unaokaa katikati yao. Ukiegemea upande mmoja, umeshamtukana wa pili. Halafu kuna mwanga. Kiirua mwezi wa saba mwanga unapitia kwenye ukungu kabla haujafika dirishani, na unaingia ukiwa na ubluu wake.

Nikaanza na agizo la mwenye kulipa. Nikapaka kijivu chepesi mahali padogo pa ukubwa wa sinia, kando ya kabati. Kikaonekana kama kidonda. Mama akatazama kutoka mlangoni, akatikisa kichwa. Nikapaka krimu, ile ambayo kila nyumba ya mawe kutoka Meru hadi Embu imepakwa. Kabati likafurahi, lakini kitanda kikaonekana kichafu kama kitambaa cha kufutia meza. Nikapaka nyeupe.

"Hiyo ni ya wodi," alisema. "Mzee alifia kwa ukuta kama hiyo."

Nikapaka kijani laini. Akasema ni ya shule ya msingi. Nikapaka pichi, akasema ni ya saluni, na hapo alikuwa na haki.

Jumatano nikarudi na makopo mengine. Alhamisi nikarudi tena. Ukuta ulikuwa umejaa viraka kumi na moja, na mimi nilikuwa nimekwisha. Kila kiraka alikitazama kwa muda mrefu, mikono ndani ya mifuko ya lile koti, kisha anaomba radhi na kusema hapana. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

"Mama," nilisema, na sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka, "mchagua jembe si mkulima."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Hizo waru umekuwa ukila hapa siku tatu," alisema, "ni nani amelima?"

Akaenda jikoni. Nikabaki nimeketi kwenye sanduku la chuma, nimeshika tama, nikifikiria kumpigia Thuranira simu na kumwambia atafute fundi mwingine. Nilikuwa na kazi mbili zinaningoja Meru. Lakini nilijua pia kwamba nikiondoka, yule mama atarudi kwenye kochi lake na hatamwambia mtu, na mgongo utaendelea kuuma mpaka siku atakayokutwa hawezi kuinuka. Jambo hilo lilinikera zaidi ya viraka.

Alirudi na uji wa wimbi uliotiwa maziwa, ndani ya glasi mbili. Yangu akanipa mkononi. Yake akaiweka juu ya kijimeza cha kijivu ili apate kufunga dirisha, kwa sababu baridi ilikuwa inaingia. Alipogeuka akasimama.

"Njue."

"Naam."

"Angalia hii glasi."

Nikaangalia. Akaichukua, akaishika mbele ya kabati. Akaisogeza mpaka kwenye kichwa cha kitanda. Akairudisha kwenye kabati. Akaisimamisha mbele ya pazia. Mle ndani ya glasi mlikuwa na rangi ambayo haikuwa kwenye kitabu changu chochote: kahawia iliyotiwa maziwa mpaka ikakaribia kijivu, na ndani yake uwekundu kidogo sana, wa mbali.

"Hii haigombani na mtu," alisema.

Nilitaka kubisha kwa sababu wazo halikuwa langu. Ndivyo nilivyo. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Karibu na uji ule kabati lilitulia, na kitanda, kwa mara ya kwanza tangu nikione, kilionekana ni kitu cha nyumbani.

Siku hiyo jioni nilichanganya rangi Majengo, mlangoni pangu, huku wapangaji wenzangu wakinicheka. Nilichukua nyeupe ya maji, nikatia tone la kahawia, tone la nyeusi, na nyekundu kwa ncha ya kijiti, kutoka kwenye zile chupa ndogo za rangi kali tunazoongezea. Nilikuwa nimebeba glasi ya uji kutoka Kiirua, nimeifunika kwa karatasi ya nailoni. Muuza nyama wa jirani akauliza kama sasa napaka kwa chakula. Nilichanganya yote kwa wakati mmoja, maana rangi ya kukadiria kwa macho huwezi kuipata mara mbili. Nilipomaliza, uji ulikuwa umeganda na ndoo ilikuwa sawa nao.

Jumamosi nilikwenda na rafiki yangu Antony, fundi wa vigae, anisaidie kutoa vitu nje. Chumba kilikuwa kidogo mno na kitanda kikubwa mno, hata ngazi haikuwa na pa kusimama. Mama hakulala vizuri kwa kufikiria vitu vyake kutolewa nje. Alitaka vitu viwekwe nyuma ya nyumba, upande wa shamba, na kila tulichokitoa alikimbilia kukifunika kwa leso zake za kujifunga. Kwake ilikuwa ni kama tunamvua nguo mbele ya barabara. Tuliweka kabati, tukaweka sanduku, tukafungua kitanda vipande vipande na kukiegemeza kwenye ukuta wa zizi. Godoro tukalisimamisha karibu nacho. Kisha Antony akaenda kwenye kazi yake Nkubu, akaahidi kurudi jioni.

Mkono wa kwanza wa rangi ulikubali vizuri. Saa nane nilikuwa namalizia mkono wa pili niliposikia gari likiingia bomani, likazunguka hadi nyuma ambako hupakuliwa mizigo. Nikachungulia dirishani. Alikuwa kijana mrefu kama mamake, ameshika mfuko wa unga begani. Hakuwa amesema anakuja. Baadaye aliniambia alitaka kuiona rangi, hata kama ni kwa kuangalia kwenye ndoo.

Mfuko wa unga ulimwanguka Thuranira kutoka begani. Alisimama tu akiutazama pale chini, halafu akatazama vitu vya chumba cha mamake, vyote, vimesimama kwenye majani mchana kweupe, leso zimeanza kupeperushwa na upepo. Miaka ishirini na miwili hakuruhusiwa kukiingia chumba kile, na sasa chumba kilikuwa kimetoka kumlaki.

Kwanza alikwenda kwenye kabati. Akaweka kiganja juu ya mlango wake.

"Hii kitu ilikuwa ndefu sana," alisema. "Nilikuwa nafika hapa tu." Akaonyesha kwenye kitasa.

Mamake alikuwa ametoka jikoni. Alikuwa akitazama kule ambako mwanawe angetazama baadaye, na Thuranira akageuka, akaliona godoro. Akaligusa. Akavuta kamba moja ya plastiki, ile ya dukani, ikalia kama uzi wa gita.

"Mama, hii haijafunguliwa."

"Tulikuwa tunangoja rangi," alisema mama.

"Tangu Machi?"

Mama akainama kuokota leso iliyokuwa imepeperuka.

"Unalala wapi?"

Nilijua ni bora niendelee kupaka, lakini brashi ilikuwa mkononi na haikwenda popote. Mama aliitazama nyumba, upande wa sebule, na kijana akaelewa. Akaketi juu ya sanduku la chuma. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, na aibu ya mtu mzima mbele ya mamake ni kitu kibaya kukitazama.

"Si ungeniambia tu, mama."

"Ningekwambia nini? Ulinunua kitanda kubwa, nzuri. Ukanipigia simu ukaniuliza, mama, unalala vizuri? Nikasema vizuri. Ulifurahi."

"Kwani shida ni gani? Ni ngumu?"

"Ni kubwa, Thuranira." Alisema hivyo bila ukali wowote. "Ya baba yako ilikuwa ya futi nne. Mtu akigeuka, mwingine anajua. Hii nikiingia katikati, nikinyoosha mkono hivi sifiki mwisho. Nikinyoosha huu sifiki. Mimi nitafanya nini na hiyo nafasi yote?"

Kijana akatoa simu, akampigia mwenye lori. Nilisikia upande wake tu. Kile kitanda cha zamani, kiko wapi? Nani? Alihamia wapi? Hapana, nitanunua, wewe niambie tu aliko. Kisha akaiweka simu magotini. Mwenye lori alimpa kitanda mpakiaji wake, na mpakiaji alikwisha kuhama, hakuna anayejua alikokwenda.

"Kiache," alisema mama. "Kuna mtu anakilalia. Si ni vizuri?"

Akaenda kuokota unga.

Ukungu ulianza kushuka mapema, na Antony akapiga simu kwamba hataweza kurudi. Vitu havingeweza kulala nje. Nikatoka nikamwambia Thuranira tusaidiane, na tukaanza. Kabati tulilisukuma kwa magunia mpaka mlango wa chumba, nikalivuta ndani peke yangu huku nikitukana kimoyomoyo. Mbao za kitanda nikazipokea mlangoni moja baada ya moja. Lakini lile godoro lilikuwa zito, na laini, halishikiki. Mimi nilitangulia kinyumenyume, yeye akasukuma kutoka nyuma. Nikapita mlango. Godoro likapita nusu. Likasimama.

Nikavuta. Halikuja. Nikachungulia kando yake, nikamwona Thuranira amesimama kwenye sebule, vidole vya viatu vyake vimegusa kizingiti. Alikuwa amelishika godoro kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na hasogei.

Nilitaka kumwambia, ingia bwana, ni hatua tatu. Lakini mamangu alipougua Runyenjes walimtoa chumbani wakamlaza sebuleni ili mimi niweze kumwona, na sikuwahi kuuliza kama alikotoka alikuwa akilala vizuri zaidi. Kwa hiyo sikufungua mdomo.

Mama akaja. Akalivua lile koti, akaliweka kwenye kochi. Akampiga mwanawe begani kidogo, kama unavyomsogeza ng'ombe mpole, na Thuranira akampisha. Mama akaishika ile ncha ya godoro, yeye mwenye miaka sitini na minane, na ule mgongo ambao ndio ulionunuliwa kitanda. Akasukuma. Nikavuta. Nyuma yake kijana alikuwa amenyoosha mikono mbele, mitupu, kana kwamba bado amebeba.

Tulipomaliza kufunga kitanda na kukata zile kamba, mama akasimama katikati ya chumba. Nitasema ukweli, hata kama ni kujisifu: ni chumba kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupaka. Kabati lilikuwa jekundu kwa adabu. Kijivu cha kitanda kilikuwa kimepoa. Hata pazia la kutu lilionekana limechaguliwa na mtu mwenye akili.

"Mama, imekaaje?" Thuranira aliuliza kutoka sebuleni.

Na mamake akamweleza. Alimweleza taratibu, kitu kimoja kimoja, kilipo na kinavyoonekana: kabati ya baba yako iko hapa kushoto, sanduku iko chini ya dirisha, ukuta ni kama uji wa wimbi ule ulikuwa unakataa ukiwa mdogo. Nilipotoka kuchukua brashi zangu nilimkuta kijana ameupa mlango mgongo, kichwa kimeinama, anasikiliza kama mtu anayeelekezwa njia.

"Utalala hapo?" aliuliza.

"Nitalala."

"Leo?"

"Leo."

Alikuwa na zamu kazini Naivasha Jumapili asubuhi. Akanywa chai haraka, akamshika mamake mkono kwa muda mrefu, akaondoka. Akanibeba kwa gari lake mpaka Meru, na njia nzima hatukuongea ila kuhusu bei ya waru. Aliponishusha Majengo akasema, "Fundi, asante kwa kuingia." Nilikula jioni hiyo bila kugombana na sufuria, lakini pia bila hamu.

Jumatatu nilirudi kupaka fremu ya dirisha na kuchukua ngazi. Kitu cha kwanza nilichokitazama ni kochi. Blanketi halikuwepo, mto haukuwepo. Nikafurahi kuliko ilivyostahili.

"Umelala?" nilimuuliza.

"Nimelala," alisema, lakini hakunitazama usoni. "Njue, kuna mahali nimeharibu."

Akanipeleka. Kitanda nilikuwa nimekiacha katikati, mbali na ukuta, na kumwonya kwamba kwa baridi ile rangi ingehitaji siku mbili kukauka kabisa. Alikuwa amekisukuma mwenyewe mpaka kikagota ukutani. Sijui alitumia nguvu zipi. Shuka la bluu lilikuwa limelala juu ya kitanda bila mkunjo hata mmoja, futi tano nzima, limenyooka kama lilivyotoka kwenye mfuko. Mkunjo ulikuwa kwenye ukingo tu, upande wa ukuta, upana wa mtu mmoja mwembamba aliyelala ubavu. Na ukutani, juu kidogo ya godoro, kulikuwa na alama ndefu, rangi imevutika, nyuzi za sufi za fulana zimeganda ndani yake. Ilikuwa alama ya mgongo.

Mimi mtu akiigusa rangi yangu mbichi huwa namjia juu. Nimewahi kumfukuza mwenye nyumba kwenye nyumba yake. Pale nilisimama tu.

"Mzee alikuwa analala upande wa nje," alisema mama. "Mimi ukutani, yeye huku nje. Miaka thelathini na nane. Sijui kulala bila kitu kwa mgongo."

"Iache hivyo," nilimwambia. "Haionekani. Nani ataiona?"

Aliiangalia ile alama kwa muda, kama alivyokuwa akiviangalia viraka vyangu.

"Mimi naiona," alisema. "Paka. Leo nitasogea kidogo."

Nikavuta kitanda kutoka ukutani. Nikaziondoa zile nyuzi moja moja kwa kucha, nikasugua kwa msasa, nikapaka, na nikachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Nilipomaliza nikamuuliza kama nikirudishe kitanda kilipokuwa au nikiache mbali.

Akasogea karibu, akapima kwa macho, akanyoosha mkono wake kuelekea ukuta bila kuugusa.

"Acha nafasi kidogo," alisema. "Lakini mkono uweze kufika."

Nikakisogeza, nikampisha apime tena, na nikaacha nafasi ya mkono mmoja.